Tofali la Nne

Sikudhani alikuja na mpira wa tenisi
ulioota upara kama goti,
akasema: Mjomba, naomba ulale kwenye friza.
Ni Keko, Januari, saa nne asubuhi,
bati limeshaanza kulia ta, ta, likijinyoosha juani.

Nikamwambia friza hii si gesti.
Humu kila mgeni analipa: barafu za ubuyu,
maji ya mifuko, samaki wa Mama Chausiku
aliyeapa kuwachukua tangu Jumatano.
Hakucheka. Ana miaka kumi na moja
na neno lilikuwa limemkaa kooni.

Jana yake walimfunga sita.
Asubuhi mpira, uliolala nje, ulipita chini ya mkono wake
ukiburura miguu kama mtoto aliyetumwa dukani.
Mchana mpira uleule, uwanja uleule,
kati ya karo la mzee Pazi na mlango wa saluni,
ulidunda ukamruka bega.
Kibwana akatangaza umetiwa dawa.
Wengine wakasema kipa kasinzia.
"Sikusinzia," akaniambia. "Ulibadilika."

Ukuta wangu haujapigwa plasta, pesa iliishia kwenye linta.
Matofali yako wazi, unayahesabu kama mbavu za paka.
Tukakubaliana: tofali la tisa ndipo pa kudondoshea,
asirushe, asisukume, afumbue vidole tu.
Akapanda kreti la soda. Mimi nikapewa kipande cha mkaa
na onyo la kutopepesa macho.

Juani kwanza. Ulikaa juu ya bati hadi ukachoma kiganja.
Tap! Tofali la tano, na ushee.
Nikachora.

Kisha friza, mpaka adhuhuri.
Ukatoka umevaa ukungu, mgumu kama limau la tangu Iddi.
Puu.
Tatu na nusu. Nilidhani nimeona vibaya.
"Tena," akasema. "Mara moja ni bahati, si jibu."
Ukarudi ndani.

Saa tisa friza ikakohoa, ikanyamaza.
Mtaa mzima ukasema aaah kwa sauti moja.
Nikakaa nasikiliza barafu zangu zikigeuka juisi,
tone kwa tone, shilingi kwa shilingi,
na yeye kwenye kreti, kidevu mikononi, ananifundisha:

ndani mna hewa. Ikipata joto inasukuma kuta
kama watu kwenye foleni ya maji;
ikipoa inajikunyata, haina ugomvi na mtu.
Na ngozi yake nayo ni mpira
(kitu na kilichokifanya, jina moja,
lugha yetu haikutaka makuu).
Ukigonga chini unabonyea, unaikopa ile nguvu.
Wenye joto hulipa sehemu kubwa.
Wenye baridi huzunguka njia ya nyuma
wasipite mbele ya duka.

Hapo nikaelewa kabisa.
Wateja wa namna hiyo ninao daftari zima.

Magharibi akautoa. Si wa moto, si wa barafu,
ubaridi wa maji ya mtungi.
Akafumbua vidole.
Ukapanda, ukasita,
ukagusa tofali la nne
pale pale nilipokuwa nimeacha nafasi bila kujua.
Hatukusema kitu. Alivuta pumzi tu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji yake sawasawa.

Jumapili, kabla hawajaanza,
aliomba mpira, akaudondosha mara moja miguuni,
akasikiliza, akarudi nyuma nusu hatua.
Walimfunga mbili.
Mbili si sita.

Juni fundi alikuja na plasta yake.
Nikamwambia hapa paache.
Akatazama mistari mitatu ya mkaa, akanitazama mimi.
Huu wa juu, nikamwambia, ni wa jua.
Huu wa chini ni wa friza.
Huu wa katikati ni wangu,
niliulipia: elfu kumi na nane
na samaki wa Mama Chausiku.